Barua za Mshairi, Nyuma ya Ukuta wa Jiko

Niliolewa Gorong'a wakati vijana wote walikuwa wamepagawa na dhahabu. Ukiamka asubuhi unasikia fulani ameondoka, jioni unasikia fulani mwingine naye ameondoka, na wote wanaelekea upande mmoja, Nyamongo. Kampuni kubwa zilikuwa hazijafika na uzio ulikuwa haujajengwa. Mtu alichimba duara lake, yaani shimo la mgodi, kwa sururu na kamba, akashuka chini gizani, akapandisha mawe. Wengine walirudi na redio kubwa na viatu vya ngozi. Kwa sababu ya viatu hivyo mume wangu naye alikwenda Kerende, huko huko Nyamongo, tukiwa bado hatujamaliza hata mwaka. Aliniambia anakwenda kuangalia tu. Nilimjua, nikajua haangalii tu.

Nilibaki katika mji ule, yaani boma la wakwe zangu, na watu wawili. Mmoja alikuwa baba mkwe wangu, mzee mrefu mwenye mguu uliovimba, ambaye mkewe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Wa pili alikuwa dada yake, shangazi yetu, mjane aliyekuwa na mdomo wa kukata majani. Mume wangu ndiye aliyekuwa mtoto wa kiume pekee wa mzee.

Kwa Wakurya, mke wa mtoto na baba mkwe hawakaribiani. Wako watu siku hizi wanaolichukulia jambo hili kijuujuu, lakini mzee wangu alilishika kama lilivyo. Hatukupeana mkono. Hatukuketi nyumba moja. Sikumtazama usoni, na yeye hakunitazama. Akitaka kupita njia ya kisimani alikohoa kwanza, kikohozi kikavu cha makusudi, nami nikajua ni kuacha njia na kugeukia migomba. Chakula chake nilikipika mimi, shangazi akakipeleka. Mwanzoni nilidhani ananichukia. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye familia ya wauza maduka wa mjini, wenye ndugu wengi upande wa Kenya, watu wanaopiga kelele mezani na kushikana mabega, na kimya kile kilinichoma kuliko kutukanwa.

Wakati huo nilikuwa nasoma kwa njia ya posta. Nilitaka kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na somo nililolipenda lilikuwa fasihi ya Kiingereza, jambo ambalo shangazi alilihesabu kuwa ugonjwa. Vitabu sikuwa navyo. Siku moja nilikwenda Tarime kuchukua bahasha yangu posta, nikapitia soko la Nyamisangura, nikamkuta mama mmoja anauza karanga na kuzifungia kwenye karatasi za kitabu. Kitabu kilitoka ndani ya robota la mitumba, kimejificha kati ya makoti. Jalada halikuwepo na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na karanga za watu. Nilisoma mstari mmoja pale pale nimesimama, kisha nikanunua kitabu chote kilichobaki, na yule mama akanishangaa kwa kuziacha karanga.

Kilikuwa kitabu cha maisha na barua za mshairi mmoja mwanamke wa Marekani, wa ile karne ya kumi na tisa. Jina lake ninalijua, lakini nyumbani kwetu halikutajwa hata siku moja. Aliitwa yule mama wa ng'ambo, na hivyo ndivyo ninavyomkumbuka. Alikuwa mtu wa kukaa ndani. Miaka ilivyokwenda, alizidi kupunguza kutoka, hadi ikawa wageni wakija anazungumza nao akiwa nyuma ya mlango. Lakini barua aliandika. Aliwaandikia marafiki, ndugu, watu aliowaona mara moja tu, na zaidi ya wote bwana mmoja wa mjini mwandishi wa gazeti, ambaye yule mama alimtumia mashairi yake miaka na miaka akitaka kujua yana uhai au hayana.

Nilikuwa nakisoma alasiri, jikoni, nikisubiri maharage yaive. Jiko letu lilikuwa la udongo na fito, na kwa nyuma lilikaribiana na nyumba ya mzee, pakabaki uchochoro mwembamba tu. Mzee alipenda kuketi hapo kwa sababu jua la alasiri liliukanda mguu wake. Mimi sikujua. Nilisoma kwa sauti, kwanza Kiingereza, halafu naigeuza kwa Kiswahili ili niikamate vizuri, na penye ugumu natupia Kikurya. Moshi ulizunguka chini ya paa. Nje mbuzi walikuwa wamelala. Kuna alasiri za Gorong'a ambazo hata kuku hawataki kutembea, na katika alasiri kama hizo yule mama wa ng'ambo alikuwa anaingia jikoni mwangu bila kubisha. Ninaapa nilikuwa namsikia akivuta gauni lake sakafuni. Kitabu kilieleza theluji, mimi nikatazama majivu ya jikoni, na kwa muda sikuwa na hakika nimeolewa wapi.

Siku moja nikafunga kitabu kwa kuwa maharage yalikuwa yanaungua. Nyuma ya ukuta nikasikia kikohozi kile kikavu. Nilishtuka, nikasimama niondoke. Ndipo sauti ya mzee ikasema, taratibu, kama mtu anayezungumza na ng'ombe zizini:

"Wewe ukuta. Huyo mama alijibiwa?"

Nilibaki nimesimama na mwiko mkononi. Hakuwa amenisemesha mimi, alikuwa ameusemesha ukuta, kwa hiyo hakuna aliyevunja desturi. Nikakitazama chungu cha maharage, nikakiambia, nikimwita mzee tata, yaani baba kwa Kikurya:

"Chungu, mwambie tata hajajibiwa bado. Bwana amemwandikia kwa kifupi tu."

"Eeh," mzee akaujibu ukuta. "Basi kesho."

Kuanzia siku hiyo tukawa na mazungumzo. Alasiri ikifika mzee alikohoa upande wake, mimi nikafungua kitabu upande wangu. Yeye aliongea na ukuta, mimi niliongea na chungu. Shangazi alitukuta siku moja, akaweka mzigo wa kuni chini, akasikiliza kidogo, akashika kiuno.

"Nyinyi wawili mna wazimu," alisema. "Mmoja anaongea na udongo, mwingine anaongea na maharage. Mimi mwenye masikio hakuna anayeniambia kitu."

Lakini hakutukataza, na baada ya wiki chache nilimwona akichambua mboga karibu na mlango wa jiko kwa muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Mzee alikuwa na jambo lake. Ujana wake alikuwa mpigaji litungu, lile zeze letu kubwa la nyuzi nane, na mtunzi wa nyimbo aliyeitwa kwenye sherehe hadi huko Serengeti kwa Waikoma. Kwa mtunzi wa aina yake wimbo ni wa watu wawili. Mmoja anaanzisha, mwingine anaitikia, na asipopatikana wa kuitikia basi wimbo unaachwa. Aliyekuwa akimwitikia alikuwa mkewe. Alipofariki, mzee alilitundika litungu juu ya kitanda na hakuligusa tena. Haya niliambiwa na shangazi. Kwa hiyo nilipomsomea kwamba yule mama aliandika mashairi mengi, akayashona kwa uzi na kuyaweka sandukuni, mzee aliuomba ukuta usome tena. Halafu akauuliza ukuta kwa sauti ya kumhurumia mtu aliyefiwa:

"Anaanzisha peke yake, na hakuna anayeitikia? Miaka yote?"

"Chungu, mwambie tata ni miaka yote."

"Na hakuacha?"

"Hakuacha."

Lililomsumbua zaidi ni kule kujificha nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa nimeshasoma maelezo ya mwandishi, kwamba labda mama yule alikuwa mwoga, labda mgonjwa, labda alivunjwa moyo na mwanamume. Mzee aliyasikiliza yote kwa heshima, kisha akayaweka kando. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kabisa. Yule mama alikuwa na mkwe ndani ya ile nyumba.

"Chungu, mwambie tata hakuolewa."

"Basi kuna mtu anayemstahi. Mtu mzima haufichi uso wake bure. Watafute huyo mtu ni nani, wamtolee mbuzi, huyo mama atoke aketi na watu."

Nilicheka hadi nikapaliwa na moshi. Lakini mwenyewe hakucheka, na kila alasiri aliulizia kama yule mbuzi ametolewa. Nami nikaanza kuchanganyikiwa kwa namna tamu. Katika mawazo yangu mlango wa yule mama ukawa ukuta wa jiko letu, na nyuma ya mlango huo hakukuwa na woga wala ugonjwa, kulikuwa na mtu anayekohoa kwa adabu ili mwenzake apate nafasi ya kupita. Ndiyo niliyoyaandika kwenye zoezi langu la posta, swali lilipouliza kwa nini mshairi huyu alijitenga. Mwalimu wangu wa mbali alirudisha karatasi na mstari mwekundu na maneno mawili: ushahidi hakuna. Nilinuna siku nzima. Mzee alipoambiwa, aliuomba ukuta unipe pole na uniulize huyo mwalimu ana wakwe wangapi.

Sasa niseme kilichokuwa kinamla mzee, maana nyuma ya mambo yote hayo ya ng'ambo kulikuwa na jambo la pale pale nyumbani. Uvimbe wa mguu ulikuwa unapanda. Alijua mwenyewe. Na kuna baraka ambayo baba humpa mwanawe kwa mdomo wake, akiwa hai, kwa kumpulizia maji kichwani na kumtamkia maneno. Baba yake alimpa yeye, na babu alimpa baba yake. Mzee alitaka mwanawe aje aipokee kabla hajafa. Hakuwa na haja ya dhahabu wala redio. Alitaka kichwa cha mwanawe mbele yake, basi.

Siku moja akauambia ukuta, "Andika." Nikachukua kalamu. Alitunga kama anavyotunga wimbo, mafungu mafupi, akisimama kila baada ya fungu. Mwanangu, mimi baba yako nipo. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mguu umefika kwenye goti. Njoo uchukue kilicho chako. Nikakunja karatasi, nikampa mama mmoja jirani aliyekuwa anakwenda Kerende kuwauzia wachimbaji chapati na chai. Alirudi akasema ameikabidhi mkononi mwa mume wangu.

Jibu halikuja. Tukaandika nyingine, na nyingine baada ya hiyo. Mvua za vuli zikaja na kupita. Upande mmoja nilikuwa namsomea mzee barua za mwanamke anayemwandikia mtu asiyejibu inavyopaswa, upande mwingine namwandikia barua za kumpelekea mtu asiyejibu kabisa, na nyakati nyingine nilipokuwa nimesinzia kwenye moshi sikujua ni ipi ninayoshika mkononi. Nilikuwa nimekasirika. Mume ni wangu, barua ni za mwandiko wangu, na mwisho wa kila barua niliongeza neno langu dogo ambalo mzee hakulisikia. Hata hilo halikujibiwa. Yule mama wa chapati alisema anamwona, yu mzima, amekonda, amekuwa na rangi ya udongo wa duara, akipewa barua anaitia mfukoni na kushuka tena chini.

Kisha mzee akashindwa kukaa kwenye kiti. Alimwagiza shangazi atafute watu wakihamishe kitanda chake nje uchochoroni, nyuma ya jiko, kiguse ukuta. Shangazi alibisha, akasema upepo utamuua. Akajibiwa kwamba mguu umeshaichukua kazi hiyo, upepo usijisumbue. Kitanda kikahamishwa. Sasa nilikuwa nasikia hata pumzi zake.

Kitabu kilikuwa kinaelekea mwisho. Nilisoma polepole makusudi, nikarudia kurasa, nikamwelezea bustani ya yule mama ua kwa ua. Bwana wa gazeti alikuwa amekwenda kumwona, wakaketi, wakazungumza, akarudi kwao bila kuelewa. Hilo lilikuwa jibu lote alilopata katika maisha yake. Mashairi yaliitikiwa baadaye, na watu ambao hakuwaona. Nilijua hivyo kwa sababu nilikuwa nimeshachungulia kurasa za mwisho.

Alasiri moja shangazi alikwenda mnadani kuuza beberu ili apate dawa. Mawingu yalikuwa yamekaa chini, hakuna upepo, na moshi wa jiko ulikataa kutoka nje. Mzee alikohoa. Hakikuwa kile kikohozi cha makusudi.

"Ukuta," alisema. "Leo huyo mama ajibiwe."

Nilifungua kitabu. Nilitazama ukurasa, nikaona kifo chake na maua ya mazishi yake. Sikuusoma. Nikaanza kusoma barua ambayo haikuwepo. Niliisoma kwanza kwa Kiingereza, Kiingereza changu kibovu, nikaigeuza Kiswahili, nikamalizia kwa Kikurya kama siku zote. Nimezipata barua zako zote. Nilichelewa kujibu kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu, na mtu haji kwa mkubwa wake na mikono mitupu. Nimesikia kwamba mguu wako umepanda. Nipo njiani. Usifunge mlango.

Nilipomaliza nilifunga kitabu. Nilisikia kitanda kikilia, mzee akijigeuza.

"Mwanangu," alisema.

Hakuusemesha ukuta. Nilijua kwa jinsi sauti ilivyokuja.

"Hiyo haimo kitabuni."

Nilikitazama chungu, chungu hakikunisaidia.

"Zunguka ukuta," alisema. "Njoo na maji."

Nilichota maji kwenye kibuyu, nikatoka jikoni, nikazunguka. Nilipiga magoti pembeni mwa kitanda huku nimeinamisha uso, akaniambia niinue. Nikamwona. Sikuwahi kumwona kwa karibu tangu nifike kwenye mji ule. Alikuwa na macho ya mume wangu na uso mdogo kuliko nilivyodhani, na ndevu nyeupe zilizokatwa vibaya na shangazi. Alinitazama kama mtu anayesoma. Kisha akanywa maji, akayashika mdomoni, akanipulizia kichwani na viganjani, akatamka maneno yote, ya uzazi na ya ng'ombe na ya kurudi nyumbani salama. Akasema, "Ni ya mwenzako. Na wewe uchukue yako humo humo. Umpelekee."

"Nitampelekea, tata," nilisema, na hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia uso kwa uso.

Alifariki wiki ile ile, asubuhi, shangazi akiwa amemshika. Wazee walimsubiri mwanawe kadiri mwili ulivyoruhusu, halafu wakazika. Mume wangu alifika kaburi likiwa limeanza kupasuka kwa jua. Hakuwa na redio wala viatu vya ngozi. Alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga, na ndani yake barua zetu zote, zimechakaa kwa kufunguliwa. Alisema alizisoma kila siku. Alisema kila akitaka kujibu, aliona aongeze siku moja tu duarani ili asirudi mikono mitupu.

Niliposikia maneno hayo, yale yale niliyoyatunga mimi mwenyewe jikoni, badala ya kumwonea huruma nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Nilimpikia, nikamwekea maji ya kuoga, nikalala nimempa mgongo. Alikuwa anakwenda kuketi kaburini, anarudi, ananiuliza baba alisema nini, namwambia muulize shangazi. Shangazi naye alikuwa hajui, kwa sababu siku ile alikuwa mnadani. Baraka ya watu watatu, ya mzee na baba yake na babu yake, ilikuwa imekaa kichwani kwangu, nami nilikuwa natembea nayo kwenye migomba na kisimani, na nilikuwa siioni njia ya kuitua. Nilikuwa mwanamke tena mke. Sikuwahi kusikia kwamba mke anaweza kumbariki mumewe kwa niaba ya baba mkwe. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza, maana aliyejua desturi zote ndiye aliyeniambia nizunguke ukuta, na sasa alikuwa kaburini.

Alasiri moja nilimkuta mume wangu ameketi kwenye uchochoro wa nyuma ya jiko, pale pale kitanda kilipokuwa, amekumbatia magoti. Nilirudi ndani nikachota maji. Nilimwambia apige magoti. Akanitazama, akadhani natania, kisha akaona uso wangu akapiga. Nikayashika maji mdomoni, nikampulizia kichwani, nikayatamka maneno moja baada ya jingine jinsi nilivyopewa, ya uzazi na ya ng'ombe na ya kurudi nyumbani salama, na hilo la mwisho lilinishinda nikalirudia mara mbili.

Alibaki amepiga magoti hadi maji yakamkauka usoni. Halafu akaniuliza kama baba yake alikufa amemkasirikia.

"Hapana," nilimwambia. "Aliyekasirika ni mimi."